Komanda Aliyeliliwa Matanga Akiwa Hai

Watu wa kwanza kucheka kwa sababu yangu walikuwa wafiwa.

Kwetu Maniema mzee akifa, wajukuu ndio wenye ruhusa. Watoto wake wanalia, wakwe wanapika, majirani wanaleta kuni. Mjukuu anaingia katikati ya kilio amevaa koti la marehemu na kofia yake, fimbo yake mkononi, na anasema mlangoni, "Hodi, nimerudia fimbo yangu." Hapo kila mtu anajua kwamba aliyeingia ni maiti. Anatembea kama marehemu alivyotembea, anagombeza kama alivyogombeza, anauliza sombe hii, majani ya muhogo yaliyotiwa maji kiasi hiki, ni ya kula au ya kuoga. Wanaolia wanacheka, na machozi bado yanashuka. Siku ya mazishi wajukuu haohao wanalala njiani mbele ya jeneza. Maiti haipiti, wanasema, ni yetu. Ukoo utoe kitu: kuku, sabuni, kitambaa. Wakishapewa wanainuka na kusema, "Tumemuachia," ndipo mtu anazikwa.

Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Walinitafuta hata kwenye matanga ya wazee ambao sikuwa na udugu nao, maana katika mji kama Kindu ukichunguza vizuri kila mtu ni mjukuu wa mwenzake. Kabla ya kuvaa koti nilitaka kujua mambo. Alikuwa analala upande gani? Akimkasirikia mke wake alimwita jina gani? Kichwa cha samaki alikila au alikiacha? Mjane mmoja wa mtaa wa Kasuku alinijibu tangu asubuhi mpaka wapishi walipomwita aje ale, kisha akaniambia kwamba tangu mume wake afe watu wote walikuwa wamempa pole, lakini mimi peke yangu ndiye niliyemuuliza habari zake.

Shuleni sikudumu. Baba alifanya kazi ya reli, na nyumba yetu haikuwa mbali na stesheni. Reli inaishia Kindu, na mimi nilitaka kuona inakoanzia. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari nilipopanda behewa la mizigo. Niliporudi mwalimu alikuwa ameshafuta jina langu, na mama alisema afadhali, kwa sababu kila nilipokaa darasani alikuwa anaota nimeanguka kutoka mahali pa juu.

Nikaenda Kalima kuchimba kasiterite, mawe ya bati. Mawe yale meusi yana uzito ambao mkono hauutegemei. Mara ya kwanza nilidhani jamaa wamenifanyia mzaha. Sikupata kitu cha maana katika mashimo ya Kalima isipokuwa elimu moja. Wachimbaji wanaimba. Mmoja anatunga papo hapo, anamsema mnunuzi wa mawe mwenye tumbo au mpishi mwenye mkono mfupi, na wengine wanapokea. Niligundua kwamba kiitikio kizuri ni kile ambacho mtu aliyeinama na sururu anakishika mara ya kwanza. Kikihitaji kufundishwa, kimekufa. Mpaka leo naandika hivyo. Naimba kiitikio mbele ya mtu anayefanya kazi nyingine. Akikidaka bila kuinua kichwa, nakiandika.

Baada ya Kalima nilisukuma baiskeli. Si kuipanda, unaibebesha mawese, chumvi na vitambaa mpaka haionekani, kisha unaisukuma kutoka kijiji hadi kijiji, Pangi na kwingineko, ukipumzika wakati wa kuteremka tu, na wakati wa kuteremka ndio hatari. Nililala katika nyumba za watu wengi na kusikia namna nyingi za kugombana. Sikujua kwamba nilikuwa naweka akiba. Nilidhani nazurura tu, kama mama alivyosema.

Vita ndivyo vilivyonifunga miguu. Askari walishika mji, wapiganaji wengine wakashika misitu iliyouzunguka, na sisi tukabaki katikati. Treni haikuja. Mashamba yalikuwa karibu, lakini njia ya kwenda huko haikuwa na uhakika wa kurudi. Tulikula muhogo, na majani ya muhogo, na siku mbaya maji ya muhogo. Baiskeli yangu ilichukuliwa kwenye kizuizi cha kwanza nilichokifikia, nikarudi mjini kwa miguu na pampu mkononi, kwa sababu pampu waliisahau.

Wakati ule redio ya mtaa wetu ilikuwa mikononi mwa fundi mmoja. Mkurugenzi alikuwa amekimbia na kumwachia ufunguo, na fundi, mtu wa maneno machache aliyetafuna karanga moja moja kama anayeonja dawa, aliendelea kufungua kila alasiri kwa sababu hakuna aliyemwambia afunge. Kulikuwa na chumba kimoja chenye magodoro ukutani, maikrofoni mbili, jenereta inayokohoa, na mtambo wa kurushia sauti ambao alikuwa akiufuta vumbi kwa upindo wa shati lake. Hakuwa na kipindi. Alisoma matangazo: fulani amefariki, fulani anatafutwa na nduguze, fulani amepoteza kitu.

Jirani yangu, mama aliyeuza sombe sokoni Kasuku, alipoteza mbuzi. Hakujua kusoma, akanituma nipeleke tangazo. Nilimkuta fundi sauti imemkauka kwa homa. Akanisogezea maikrofoni na kuninyooshea kidole: soma mwenyewe. Sijui kilichonipata. Nilianza kusoma kama mtu wa adabu, kisha nikaona ni ajabu kumsema mbuzi bila yeye mwenyewe kujieleza, nikamwacha aseme. Mbuzi akasalimia wasikilizaji. Akasema hajapotea, anajua sana aliko, ila sufuria ina kifuniko. Fundi alicheka mpaka homa ikamtoka kwa jasho.

Yule mama hakucheka. Alifika redioni na beseni lake kichwani kabla sijamaliza kutoka mlangoni.

"Njo weye uliyelia kama mbuzi yangu?" aliuliza, kwa Kiswahili chetu ambacho "njo" yake ni ndiye.

"Njo mimi, mama. Unisamehe."

"Sikuya juu ya samahani. Mbuzi yangu hailiake vile. Ile sauti yako iko ya mbuzi ya mutaa ya Bamuungu ya chini, mbuzi ya njaa. Yangu ilikuwa inaliaka na kifua." Akashusha beseni, akalia kama mbuzi wake, kwa kifua. Ilikuwa sauti nzito, yenye kona, sauti niliyokuwa nimeisikia miaka yote kwenye arusi za Waislamu wa mtaa wetu bila kujua ni ya nani. Fundi alisahau karanga mdomoni. Jumamosi iliyofuata tulirusha mchezo wetu wa kwanza wa kuimba, mbuzi na sufuria wakijibizana, naye mama ndiye aliyekuwa mbuzi.

Mchezo wa kuimba ndiyo kazi niliyofanya tangu hapo. Ninaandika kisa kifupi cha kuchekesha, nusu kinasemwa, nusu kinaimbwa. Nakitangaza mwenyewe, nacheza wanaume wote wabaya, na waimbaji wanaitikia. Wakati wa vita tulikuwa mama wa sombe, wanawake wawili watatu wa sokoni aliowakokota, mpiga likembe mmoja, kile kinanda kidogo cha vidole gumba, na mimi. Kila Jumamosi alasiri. Nilikuwa mtu ambaye hajawahi kumaliza mwezi katika kazi moja bila kutazama njia, na sasa nilikuwa naamka Jumapili nikifikiria Jumamosi.

Kiongozi wa askari walioshika mji tulimwita Komanda tu. Alikuwa mtoto wa upande wa Pangi, msituni kabisa, lakini alikuwa ameishi mbali muda mrefu na kurudi na bunduki. Alikohoa mara mbili kabla ya kusema. Na baada ya kila amri alituuliza, "Tuko pamoja?" na mji mzima ulipaswa kujibu, "Pamoja, Komanda."

Amri yake moja iliwauma wanawake kuliko zote. Alikataza kutwanga. Alisema midundo ya vinu inawachanganya walinzi, hawajui ni mchi au ni risasi ya mbali, kwa hiyo vinu vinyamaze. Sasa sombe isiyotwangwa ni majani. Wanawake waliisaga juu ya mawe, kwa kujificha, na mji ukakosa mlio wake. Mtu ambaye hajakaa Kindu hawezi kujua jambo hilo lilivyo. Asubuhi ilikuwa inafika kimyakimya, kama mgeni mwenye habari mbaya.

Niliandika kesi ya kinu. Kinu kimekamatwa, kinashtakiwa kwa kupiga mji mabomu. Mchi unajitetea kwamba wenyewe unatumwa tu, mwenye mikono aulizwe. Sombe inakuja kama shahidi, mbichi, inawasha koo za mahakama. Kiitikio kilikuwa hiki:

Kinu wamekikamata,
mchi umekimbia,
sombe yetu ni mbichi,
nani atatutwangia?

Mimi nilikuwa jaji. Jaji alikohoa mara mbili, na kila baada ya hukumu aliuliza, "Tuko pamoja?" Hatukumtaja mtu. Na kwa kuwa kuigiza nilikujifunza matangani, na sikujua mlango mwingine wa kuingilia katika mtu isipokuwa ule, jaji wangu aliingia mahakamani akisema, "Hodi, nimerudia fimbo yangu."

Hakuna aliyenishika mkono. Mama aliitikia, likembe likapiga, fundi akainua kidole gumba. Sote tulikuwa watu wa Maniema, tumeyasikia maneno yale tangu tumboni, na yalipita katikati yetu kama pumzi.

Kumbe wiki ile Komanda alikuwa amesafiri kuelekea juu ya mto na vijana wake. Watu walikuwa hawajamwona siku kadhaa, na katika vita mtu mkubwa asiyeonekana huanza kuoza midomoni mwa watu. Mji ulikuwa unanong'ona tayari. Kisha redio, ambayo ndiyo iliyotangaza vifo vya watu wote, ikamleta Komanda kwa sauti yake, kikohozi chake, na neno la maiti.

Alirudi Jumamosi hiyohiyo usiku, kimya. Jumapili asubuhi wanawake walifika kwake na kuni vichwani na unga wa muhogo kwenye vikapu, kama inavyopasa kwa mfiwa yeyote, hata uwe humpendi aliyekufa. Walinzi hawakujua waseme nini. Wengine hata walikuwa wamevua kofia. Wanawake walikaa chini uani, na mmoja akaanza kilio cha kufungulia, wenzake wakapokea. Mlango ukafunguliwa. Komanda alisimama pale amevaa singlendi, povu la dawa ya meno mdomoni.

Bibi mmoja alisema bila kuinua sauti, "Mama yangu, maiti inasugua meno."

Watu waliotusimulia walisema hakuna aliyethubutu kubeba tena kuni zake.

Jumatatu askari walikuja redioni na kamba. Mtambo unaenda kambini, walisema, na mimi pamoja nao. Nilimtazama fundi. Alikuwa mweupe midomoni. Mtambo ule ukibebwa na watu wasioujua ungefika kambini ukiwa chuma cha kuuzwa, na hapakuwa na mwingine wala njia ya kuleta mwingine. Bila mtambo hakuna mchezo. Na bila mchezo, nilijua kabisa, mimi ningerudi kuwa mtu wa pampu bila baiskeli. Niliogopa kupigwa, ndiyo. Lakini nilivyokumbuka baadaye, nilichokuwa nakitazama muda wote ni skrubu za mtambo.

Fundi aliwaambia askari, kwa upole, kwamba mashine hii ukiing'oa vibaya inaua mtu kwa umeme, wamwache aifungue mwenyewe. Hawakubisha. Akachukua bisibisi, akafungua skrubu moja, akaitazama kwenye mwanga, akaipuliza, akairudisha. Hivyo ndivyo nilivyomwacha.

Mama wa sombe alikuwa ametufuata. Askari mmoja alimwambia arudi sokoni.

"Mutoto wangu," alisema, "mimi niliimba pia. Ukikamata ngoma, unaachaka mupigaji?"

Komanda alitupokea amekaa kwenye kiti cha mikono, miguu imenyooka. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala. Mama alikaa chini sakafuni bila kuambiwa, kama anavyokaa mtu matangani, na nikaona Komanda ameliona hilo na halikumpendeza.

Alikohoa mara mbili. "Weye njo muntu ya redio?"

"Njo mimi, Komanda."

"Nani alikuambia nimekufa?"

"Hakuna muntu, Komanda. Ilikuwa muchezo tu. Ilikuwa jaji."

"Jaji." Alitikisa kichwa. "Mimi niko mutoto ya Pangi. Babu yangu nilimuzika kule. Nililala mu njia mbele ya jeneza na bandugu zangu, nikavaa kofia yake. Usinifundishe mujukuu anasemaka nini akiingia. Tuko pamoja?"

"Pamoja, Komanda."

"Kama ungenitukana, ningekufunga, mambo inaisha. Lakini weye umenitoa kwa bazima, umenitia kwa maiti. Tangu jana bibi yangu ya ndoa anakataa kunitilia chakula mu sahani yangu. Anasema sahani ya maiti hailiwake. Ananipatia mu jani ya ndizi." Akainua kiganja, kama mwenye kulishika jani hilo. "Mbele ya askari yangu. Mu jani ya ndizi."

Nilibana midomo. Nilijua nikicheka nimekwisha. Ndipo mama aliposema, kwa ile sauti yake ya kifua, taratibu.

"Papa Komanda, bibi yako hana kosa. Njo vile inakuwaka. Unaweza kufunga huyu, unaweza kupasua mashine, na maiti itabaki mu mikono ya bajukuu. Ni bo tu banaweza kukuachia."

"Basi muniachie sasa. Hapa."

"Hapa mbele ya kiti na meza?" Mama alitazama huku na huku kama anayetafuta watu. "Ulililiwa mbele ya Kindu muzima. Kindu muzima njo itasikia unaachiwa. Kama sivyo, kesho bamama bataleta tena kuni."

Komanda alikuwa hodari wa vita, lakini nilimwona anahesabu kichwani akina mama, kuni na majani ya ndizi.

"Munataka nikuye mu redio," alisema.

"Mashine ikiwa pale, Komanda," nikasema mimi. "Vijana yako bako naibeba sasa hivi."

Alipaza sauti kwa mlinzi wake akimbie awazuie. Mlinzi alikimbia kweli, niliona nyayo zake. Tulipofika redioni tukamkuta fundi bado yuko kwenye skrubu ya pili, na askari wawili wamelala wakiegemea ukuta kwa kuchoka kumsubiri. Mtambo ulikuwa mahali pake. Fundi akaweka bisibisi chini, akakaa sakafuni, akatia karanga ya kwanza mdomoni.

Jumamosi Komanda alikuja na sare iliyopigwa pasi na fimbo yake. Nje kulikuwa na watu wengi kuliko waliowahi kuja kumsikiliza barazani, wamekaa juu ya kuta. Tuliwasha mtambo. Nikatangaza kwamba leo kuna matanga yenye mgogoro: maiti imekuja kwa miguu yake kudai uhai. Kisha mimi na mama na waitikiaji wote tukalala chini mlangoni mwa studio, tukiwa na maikrofoni katikati yetu, na Komanda akabaki amesimama nje ya kizingiti.

"Maiti haipiti," tukaimba. "Maiti ni yetu."

Akakohoa mara mbili. Nje watu walizuia kicheko, nikasikia kilivyozuiwa.

"Nitatoa kuku," alisema.

Mama akauliza kutoka sakafuni, kwa wimbo, "Kuku hii, Papa, umekamata kwa nani?"

Neno hilo hatukuwa tumelipanga. Kila mtu mjini alijua kuku wa Komanda walitoka wapi, na hakuna aliyewahi kulisema hata jikoni kwake. Nililala pale na shavu kwenye saruji, nikitazama viatu vyake. Vilikuwa vimeng'arishwa sana. Kiatu kimoja kikasogea, nikafumba macho, na juu yangu nikasikia kitu ambacho Kindu haikuwa imekisikia bado: Komanda anacheka. Alicheka kama watu wa msituni wanavyocheka, kwa kuinama, akipiga paja, mpaka fimbo ikamwanguka. Alikuwa amebeba bunduki miaka mingi, lakini aliwahi kuwa mjukuu, na mjukuu anajua swali zuri likiulizwa.

"Basi nitatoa pipa ya mazut, mafuta ya kuendesha mashine yenu," alisema alipopata pumzi.

"Hiyo ya banaume," mama akaimba. "Sisi bamama?"

"Munataka nini?"

Hakuna aliyemjibu kwa maneno. Waitikiaji walianza kiitikio cha kinu, chini chini, wakiwa bado wamelala, na watu wa nje wakakidaka, na walio juu ya kuta wakakidaka, hata nikasikia askari mmoja anakiimba na kukosea mstari wa pili.

Komanda aliokota fimbo yake. Akakohoa, mara moja safari hii. "Kinu kiachiwe," alisema ndani ya maikrofoni. "Batwange. Tuko pamoja?"

"Pamoja, Komanda," tukasema, na tukainuka, tukajipangusa vumbi. "Tumemuachia."

Fundi alisukuma dirisha. Mwanzo hatukusikia kitu. Kisha upande wa sokoni ukaanza mmoja, wenye woga, mdundo na kupumzika, mdundo na kupumzika. Ukajibiwa na mwingine. Kabla hatujafunga matangazo mitaa yote ilikuwa inatwanga, wengine najua hawakuwa na jani hata moja ndani ya kinu, walitwanga hewa. Fundi alitoa maikrofoni nje ya dirisha na kuishika hivyo kwa mkono mpaka mkono ukafa ganzi.

Komanda alikuwa bado yuko pale. Alimgusa fundi bega. "Mimi nilisikika vizuri?" aliuliza. "Sauti yangu haikuwa ndogo?"

Baadaye alihamishwa, na sikusikia tena habari zake. Mazut yake ilituendesha muda mrefu. Hakuna Jumamosi ya vita tuliyokosa baada ya hapo, na hakuna askari aliyegusa mtambo. Nadhani kila aliyekuja baada yake aliambiwa habari ya jani la ndizi.

Siku hizi tuna mtambo mpya na umeme wa jua, na chumba chenye viti. Jumamosi saa tisa waendesha pikipiki wa Kasuku wanaegesha, na abiria mwenye haraka anaambiwa angoje wimbo uishe. Watu wananipigia simu kutoka Kalima kunilaumu kwamba mchimbaji wangu anazungumza kama mtu wa ofisi. Tumecheza jukwaani, kwa taa na mavazi, mbele ya watu waliolipa na wengine waliopanda miti. Vijana waliosoma kuliko mimi wananiletea michezo yao niitazame. Nawapeleka kwa mama wa sombe, ambaye sasa anatembea kwa shida lakini sauti haijashuka hata kidogo, naye anawauliza kiitikio kiko wapi. Mimi bado situlii nyumbani. Jumatatu nikiamka naweza kuwa njiani kwenda Pangi juu ya pikipiki ya mtu, nikiuliza watu wanavyogombana sasa. Tofauti ni kwamba Ijumaa nimerudi.

Vijana hao wakiniuliza ni lini nilijua kwamba kazi hii imeshinda, wanategemea niseme siku ya Komanda. Siku ile nilijua tu kwamba hatujafungwa. Ushindi niliuona mto ulipofunguliwa.

Vita vilipolegea, mitumbwi ilianza kuvuka tena mto Lualaba, na watu waliokuwa wamekimbilia msituni ng'ambo walirudi. Tulishuka ukingoni kuwapokea, tukitafuta ndugu. Walikuwa wamekonda, wengine wamevaa magunia. Mtumbwi wa kwanza ulipokaribia tuliwasikia wanaimba. Nilisimama. Ulikuwa wimbo wetu, kutoka mchezo mmoja tulioufanya katikati ya njaa, ambapo mji wa Kindu unaingoja treni kama bwana arusi anavyomngoja mke aliyechelewa:

Bibi arusi wa reli,
tumekupikia mchele;
unakawia wapi wewe,
chakula kinapoa?

Sikujua kama redio yetu ilifika ng'ambo. Tulikuwa tukiimba kuelekea msitu ule kwa miaka, tukidhani tunajiimbia wenyewe. Mama alishika kikwembe chake kwa mikono miwili na kuingia majini mpaka magotini, akawaimbia tena kiitikio. Wakamjibu. Lakini walichomjibu hatukuwa tumekiandika sisi:

Nimekawia njiani,
daraja limevunjika;
msianze bila mimi,
pasheni moto, nakuja.

Mwanamke aliyekuwa mbele ya mtumbwi, mtoto mgongoni, alituambia walikuwa na redio moja kwa kijiji kizima, na betri walizianika juani Jumamosi asubuhi ili zipate nguvu. Waliona si haki bibi arusi anaulizwa na hapewi nafasi ya kujibu, wakamtungia jibu. Wana mengine, alisema. Karibu kila mchezo wetu wameujibu.

"Yote munayakumbuka?" nikamuuliza.

"Tutayasahauje? Tulikuwa tunaimba kila siku. Nyinyi tu njo mulikuwa hamusikie."

Mama alikuwa ameshaanza kubishana naye kuhusu sauti ya mstari wa tatu. Jumamosi hiyo studio haikutosha. Fundi alivuta waya mpaka uani, akasimamisha maikrofoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatupanga sisi upande huu na watu wa ng'ambo upande ule. Nilikuwa na karatasi ya utangulizi mkononi, ya kuwatambulisha kwa wasikilizaji. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikamwonyesha yule mwanamke kidole: anza wewe.